Mtikila alishinda mara tatu, mbona mgombea binafsi hayupo?

Kinyozi wangu yuko Sinza Kumekucha: chumba kimoja, viti viwili, na feni inayozunguka pale inapojisikia. Nilihamia Sinza nikiwa mwaka wa pili, baada ya kukosa nafasi hosteli za chuo, na tangu hapo kichwa changu kiko mikononi mwake kila baada ya wiki mbili. Ananiita wakili. Mimi ni mwanafunzi tu wa sheria, hata Shule ya Sheria pale Sam Nujoma sijakanyaga, lakini mtaani ukishasema unasoma sheria umeshakuwa wakili, na wakili lazima aulizwe maswali.

Mwaka 2024, kuelekea uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba, huyu kaka aliamua kugombea uenyekiti wa mtaa. Si mtu wa maneno. Ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba na daftari kuchangisha hela ya kuzibua mtaro uliokuwa unamwaga maji machafu mlangoni kwa mama ntilie, na risiti zote akazibandika ukutani kwake, pembeni ya kioo, mpaka leo zipo. Kwenye kura za maoni za chama chake akaangushwa. Yeye anasema alikatwa, na mimi sikuwepo. Wateja wakamwambia, kaka, gombea peke yako, sisi tupo. Akaniuliza kama inawezekana. Nikamjibu kwamba kisheria haiwezekani, lazima udhaminiwe na chama.

Akazima mashine.

"Si Mtikila alishinda ile kesi?"

Alishinda, nikasema.

"Mara ngapi?"

Tatu.

"Sasa?"

Nilikuwa nimenyolewa nusu kichwa, kwa hiyo kukimbia haikuwezekana. Nikajibu ovyo ovyo, mambo ya Katiba, mambo ya Bunge, akanimalizia nusu iliyobaki bila kusema neno. Baada ya hapo nilikaa wiki tano bila kunyoa. Makala hii ndiyo jibu ambalo nilipaswa kumpa siku ile, na naliandika hapa kwa sababu nimegundua kwamba hata darasani kwetu wapo wengi wasiojua kesi hii iliishia wapi.

Tuanze na mwenyewe. Mchungaji Christopher Mtikila alikuwa mwenyekiti wa Democratic Party, DP, chama ambacho mwanzoni mwa miaka ya tisini kilinyimwa usajili kwa sababu kilitaka kuwa cha Tanganyika na hakikuukubali Muungano. Wazee wa Dar wanamkumbuka kwa mikutano yake na kwa neno "walalahoi". Wanamkumbuka pia kwa maneno makali dhidi ya Watanzania wenye asili ya Asia, na hayo mimi siyatetei hata kidogo. Lakini sheria zetu za haki za binadamu zimejengwa kwa sehemu kubwa na watu wakorofi. Mtu mpole hapeleki serikali mahakamani mara tatu.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Katiba ilibadilishwa ikasema anayetaka urais au ubunge lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Hayo yako Ibara ya 39 kwa Rais na Ibara ya 67 kwa wabunge. Sasa Katiba hiyohiyo, Ibara ya 20, inasema hakuna mtu wa kulazimishwa kujiunga na chama. Na Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi. Ziweke mezani zote tatu uone: hulazimishwi kuingia chamani, una haki ya kushiriki kuongoza, ila usipoingia chamani hugombei. Mtikila aliliona hilo, akafungua shauri mwaka 1993.

Tarehe 24 Oktoba 1994, Mahakama Kuu Dodoma, Jaji Kahwa Lugakingira akatoa hukumu ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini huikuta mapema. Alisema pale ambapo ibara inayotoa haki inagongana na ibara inayoibana, mahakama izisome pamoja na ielemee upande wa haki ya raia. Kwa hiyo ni halali mgombea binafsi kusimama sambamba na wagombea wa vyama. Katika hukumu hiyohiyo alifuta masharti ya kuomba kibali polisi ili kufanya mkutano. Jaji mmoja, siku moja.

Hapa sasa ndipo siasa inapoingia, na naomba msomaji azitazame tarehe. Hukumu ni ya tarehe 24. Lakini siku nane kabla yake, tarehe 16 Oktoba, wakati shauri bado liko mbele ya jaji, Serikali ilikuwa imeshapeleka bungeni muswada wa kubadilisha Katiba ili mlango huo ufungwe. Bunge likaupitisha tarehe 2 Desemba, na Rais akausaini Januari 1995. Ibara ya 21 ikaongezewa maneno kwamba haki ya kushiriki itatumika kwa kufuata masharti ya zile ibara zinazotaka chama. Yaani jaji alisema haki inashinda sharti, Bunge likajibu kwa kuandika sharti ndani ya haki. Mwalimu Nyerere, akiwa amestaafu, aliukosoa mwendo huo waziwazi, na yeye ndiye aliyeiongoza nchi kwa miaka mingi chini ya chama kimoja! Uchaguzi wa 1995 ukafanyika bila mgombea binafsi.

Nilipofika hapa siku nyingine kwa kinyozi (nilirudi, nywele zilinishinda), alisema, "Kwa hiyo ni kama refa amepuliza penalti, halafu wenye timu wakabadilisha sheria za mpira kabla haijapigwa." Nilitaka kumsahihisha. Sikupata pa kumsahihishia.

Mwaka 2005 Mtikila akarudi. Safari hii alikuwa anapinga mabadiliko yenyewe ya Katiba, na hilo ni jambo zito zaidi. Majaji watatu wa Mahakama Kuu, Manento aliyekuwa Jaji Kiongozi, Massati na Mihayo, wakatoa hukumu tarehe 5 Mei 2006. Wakasema Katiba ina muundo msingi ambao hata Bunge lenye theluthi mbili haliwezi kuubomoa. Wazo hilo lilitoka Mahakama ya Juu ya India mwaka 1973 kwenye kesi ya Kesavananda, nalo kwa lugha ya kwetu ni hivi: fundi unaweza kumruhusu apake rangi, avunje ukuta, aongeze chumba, lakini akigusa nguzo hatengenezi tena nyumba yako, anajenga nyingine. Majaji wale wakaitaka Serikali iweke utaratibu wa kisheria wa wagombea binafsi kabla ya uchaguzi mkuu uliofuata, yaani 2010.

Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufani. Mahakama ya Rufani kwa kawaida hukaa na majaji watatu. Kwa kesi hii walikaa saba, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, na wakawaita wanasheria kuwa marafiki wa mahakama, wakiwemo Profesa Palamagamba Kabudi na Profesa Jwan Mwaikusa wa hapahapa Mlimani. Hukumu ilitoka tarehe 17 Juni 2010, miezi minne tu kabla ya uchaguzi. Walisema mahakama haina mamlaka ya kuitangaza ibara ya Katiba kuwa ni kinyume cha Katiba. Nadharia ya muundo msingi wakaikataa. Suala la mgombea binafsi, walisema, ni la kisiasa, na mwenye kazi ya kuliamua ni Bunge.

Nimeisoma hukumu ile mara tatu, na nitasema kitu ambacho baadhi ya wenzangu hawatakipenda: si hukumu ya kipuuzi. Swali wanalouliza ni la kweli. Majaji ambao hatukuwapigia kura wakiweza kufuta ibara iliyopitishwa kwa theluthi mbili ya wabunge, ni nani atakayewazuia wao? Kenya walipambana na swali hilohilo kwenye kesi ya BBI. Mahakama Kuu yao mwaka 2021 ilisema muundo msingi upo, Mahakama ya Rufani yao ikakubali, halafu tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema nadharia hiyo haitumiki Kenya. Hakuna aliyewaita majaji wa Nairobi vibaraka kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ukitaka kuilaumu hukumu ya 2010, usiishie kusema "waliogopa".

Mimi nina malalamiko mawili. La kwanza, kulirudisha jambo hili bungeni ni kulirudisha kwa walewale walioufunga mlango, na ambao kila mmoja wao ameingia kwa tiketi ya chama. Nani atakata tawi alilokalia? La pili linanisumbua zaidi. Mwishoni mwa hukumu majaji waliishauri Serikali na Bunge wayatafakari kwa uzito maoni ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1996, yanayosema haki ya kugombea isibanwe isivyostahili kwa kumtaka mtu awe mwanachama wa chama. Kwa maneno mengine walijua upepo unaelekea wapi. Wakaandika ushauri mahali ambapo wenzao wa 1994 na 2006 walikuwa wameandika amri. Ushauri wa mahakama haukaziwi na yeyote.

Mtikila hakukaa. Pamoja naye, Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu walikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo bahati nzuri makao yake ni Arusha, basi la asubuhi tu kutoka Dar. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ikasema Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika: haki ya kujiunga na watu wengine kwa hiari, haki ya kushiriki katika utawala, na usawa mbele ya sheria. Ikaiamuru nchi ichukue hatua za kikatiba na za kisheria kurekebisha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kuamua kwa undani kesi dhidi ya nchi na kukuta haki zimevunjwa, na nchi yenyewe ndiyo mwenyeji wake. Jaji Ramadhani wakati huo alikuwa amechaguliwa kuwa jaji wa Arusha, lakini kanuni zinamzuia jaji kusikiliza kesi ya nchi yake, kwa hiyo hakukaa. Mwaka uliofuata akawa Rais wa mahakama hiyo. Na mwaka 2015, akiwa bado na wadhifa huo, akachukua fomu kuomba kuteuliwa na CCM kugombea urais. Hakuvunja sheria yoyote. Lakini nilipomsimulia kinyozi, aliweka mashine chini, akanitazama kupitia kioo, akasema, "Mzee mwenyewe alihitaji chama."

Mtikila alifariki tarehe 4 Oktoba 2015 kwa ajali ya gari mkoani Pwani, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu mwingine usio na mgombea binafsi.

Kuna mlango mmoja ulikaribia kufunguka. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba ilikuwa na mgombea huru. Katiba Inayopendekezwa, ile iliyopitishwa na Bunge Maalumu Oktoba 2014, na ambayo iliyaacha mambo mengi ya Warioba nje, hilo ililibakiza. Ina maana hata waliogombana juu ya serikali tatu hawakugombana hapo. Kura ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015. Ikaahirishwa, na haijafanyika.

Sasa twende kwenye lile ambalo watu wa vijiweni hulisema kwa sauti, na sisi wasomi kwa sauti ya chini: majaji wanateuliwa na Rais, unategemea nini? Ni kweli Jaji Mkuu huteuliwa na Rais, na majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambayo nayo baadhi ya wajumbe wake huteuliwa na Rais, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni mjumbe. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 60, wa Rufani 65, ila Rais anaweza kumwongezea muda. Mwaka 2017 nchi ilikaa karibu miezi minane na Kaimu Jaji Mkuu, Profesa Ibrahim Juma, kabla hajathibitishwa Septemba. Juni 2025 akateuliwa George Masaju, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 2015 hadi 2018. Mtu anaweza kuwa jaji mzuri sana akitokea huko, wapo waliokuwa. Lakini mwananchi anayeishtaki Serikali ana haki ya kutamani kwamba aliyeitetea Serikali jana asiwe ndiye mkuu wa wanaomwamulia leo.

Pamoja na hayo, hoja ya uteuzi peke yake haitoshi. Lugakingira aliteuliwa na Rais. Manento, Massati na Mihayo pia. Lugakingira baadaye akapandishwa Mahakama ya Rufani, na alikuwemo kwenye jopo la kesi ya Ndyanabo lililofuta mwaka 2002 lile sharti la kuweka dhamana ya shilingi milioni tano ili usikilizwe kwenye kesi ya uchaguzi. Tazama Oktoba 2019. Tarehe 16, Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi wa Bob Chacha Wangwe, ambaye Mahakama Kuu ilikuwa imekubaliana naye mwezi Mei kwamba wakurugenzi wa halmashauri wasisimamie uchaguzi. Mtaani ikasemwa, si tuliwaambia. Wiki moja baadaye, tarehe 23, mahakama hiyohiyo ikaitupa rufani ya Serikali kwenye kesi ya Rebeca Gyumi, ikisisitiza kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti aolewe na miaka 15, au 14 kwa ruhusa ya mahakama, ni kinyume cha Katiba. Mwenye kusema mahakama zetu ni mhuri tu wa Ikulu anieleze tarehe 23.

Nadhani anayeitazama kwa makini ataona kitu kingine. Kesi ikigusa nani anaingia madarakani na kwa njia gani, mkono wa mahakama unakuwa mzito. Ikigusa ndoa, dhamana ya fedha, mambo ya mtu mmoja mmoja, unakuwa mwepesi. Na hata pale unapokuwa mwepesi, utekelezaji ni habari nyingine: kwenye kesi ya Gyumi, Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha sheria tangu Julai 2016. Mwaka ukapita, ikakatwa rufani, rufani ikashindwa, na miaka ikaendelea kupita. Jaji hana polisi wala bajeti. Ana kalamu, na kutegemea kwamba anayeandikiwa ataona aibu kutotii.

Wakenya walipofutiwa uchaguzi wa Rais tarehe 1 Septemba 2017, Uhuru Kenyatta aliwaita majaji wakora, lakini uchaguzi ulirudiwa. Sisi kesi ya namna hiyo haiwezi hata kufunguliwa. Ibara ya 41(7) inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama ya kuchunguza. Mahakama ya Afrika ilisema Julai 2020, kwenye kesi ya wakili Jebra Kambole, kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba. Nayo bado ipo.

Juzi kinyozi aliniuliza swali la vitendo. "Nikitaka kwenda mimi mwenyewe, naenda wapi?"

Nikamwambia ukweli. Arusha kwa Mahakama ya Afrika hupiti. Tanzania iliondoa Novemba 2019 lile tamko linaloruhusu mtu binafsi na asasi kufungua kesi moja kwa moja, na kuanzia Novemba 2020 mlango ukafungwa. Mahakama Kuu unaweza kwenda. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalileta sharti kwamba anayefungua kesi ya haki za msingi aeleze jinsi alivyoathirika yeye binafsi, sharti ambalo nalo lilipelekwa mahakamani. Kwako lisingekuwa tabu, kaka, wewe umeathirika kweli, shahidi mimi. Lakini majaji wa Mahakama Kuu wanafungwa na hukumu ya wale saba wa 2010, hata kama moyoni hawakubaliani nayo. Wa kuitengua ni Mahakama ya Rufani yenyewe, iamue kuiacha hukumu yake ya zamani. Hilo linawezekana, na ni kazi ya miaka, na hela ya mawakili halisi, sio mimi.

Alinyamaza. Akanipaka spiriti, ikachoma. Halafu akaniuliza ile sehemu ya majaji kuishauri Serikali, imeandikwaje hasa? Nikamwambia imeandikwa Kiingereza. Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama kwa sheria ya mwaka 2021, hukumu zote za Mtikila nilizomweleza ni za kabla ya hapo.

Kwa hiyo hiyo ndiyo kazi niliyonayo wiki hii, pamoja na zile mbili za semina. Naitafsiri sehemu ile, ukurasa mmoja na nusu hivi kwa mwandiko wangu. Amesema nikiileta Jumamosi ataibandika ukutani, pembeni ya zile risiti za mtaro.